Mtoto asiyeona naye anahitaji kutoka jasho

Februari 1976, mji wa Örnsköldsvik nchini Sweden ulipokea Michezo ya kwanza ya Paralimpiki ya majira ya baridi. Walifika wanamichezo wasioona na waliokatwa viungo kutoka nchi 16, nyingi zikiwa nchi ambazo mtoto huzaliwa akaikuta theluji mlangoni. Uganda nayo ilikuwa na timu. Timu nzima ilikuwa mtu mmoja, Tofiri Kibuuka, kijana asiyeona, aliyeshindana katika mbio za masafa juu ya theluji akiwa amefunga mbao za kutelezea miguuni. Ndiye Mwafrika wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Miaka minne baadaye, mjini Geilo nchini Norway, aliiwakilisha Uganda kwa mara ya pili.

Habari zake nimezikumbuka kwa sababu ya swali nililoulizwa Simbo, hapa Kigoma. Tulikuwa kwenye huduma ya mkoba, mama mmoja akamleta mwanawe wa miaka tisa ambaye haoni tangu alipougua surua akiwa mdogo. Kilichowaleta ni kikohozi, na kikohozi chenyewe hakikuwa kikubwa. Lakini mtoto alikuwa na mapaja membamba, mabega yameinama, na kutoka mlangoni hadi kwenye kitanda cha kupimia, hatua zisizofika ishirini, alikuwa anahema. Nilisikiliza moyo na mapafu, nikamwangalia damu. Hapakuwa na ugonjwa wa kueleza kuhema kule. Nikauliza huwa anacheza nini. Mama akanitazama kama mtu aliyefanyiwa mzaha.

"Daktari, huyu haoni. Atakimbilia wapi?"

Wazazi wengi wana swali hilo hata kama hawalisemi, na hawalisemi kwa ubaya. Kwao kumkalisha mtoto kwenye mkeka nyuma ya nyumba ni kumlinda. Kuna jiko, kuna kisima, kuna bodaboda barabarani. Lakini kilichoharibika kwa mtoto huyu ni macho. Moyo, mapafu, mifupa na misuli yake ni ya mtoto wa miaka tisa kama wenzake, na viungo hivyo hukua kwa kutumika. Visipotumika, misuli hunywea, viungo hukakamaa, mizani ya mwili hupotea, choo kinakuwa kigumu, hamu ya kula inapungua. Hapo mtoto anakuwa na maradhi mawili: lile ambalo hatuwezi kuliponya, na la pili ambalo tumemtengenezea wenyewe nyumbani.

Kuna mambo mengine mawili ambayo wazazi huyaleta kwangu wakidhani ni wazimu au majini. La kwanza ni mtoto kujitikisa mbele na nyuma kwa muda mrefu, au kubonyeza macho yake kwa ngumi. Mtoto asiyeona hukosa vitu vya kuushughulisha ubongo wake, hivyo hujitafutia mwenyewe. Kubonyeza macho humpa vimulimuli fulani anavyovifurahia, lakini kukiendelea kwa miaka macho huingia ndani. Kumpiga au kumfunga mikono hakusaidii. Mpe kazi ya mwili, utaona tabia hiyo inapungua. La pili ni usingizi. Mwanga wa mchana ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba sasa ni asubuhi, sasa ni usiku. Mtoto asiyeona mwanga kabisa anaweza kulala mchana na kukesha usiku, nyumba nzima ikakesha naye. Ratiba isiyobadilika, chakula kwa saa zilezile na jasho la mchana humsaidia mwili wake kupata saa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayowafanya waheme. Mwongozo huo ulitaja waziwazi kwamba watoto wenye ulemavu wamo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba asiyeona apewe dakika zake akiwa amekaa.

Sasa turudi kwa Kibuuka, maana safari yake haikuanzia kwenye theluji ya Ulaya. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa bado kijana. Mwaka 1969 alikuwa mmoja wa vijana saba wasioona, kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, waliopanda Mlima Kilimanjaro hadi kileleni. Shirika la Jumuiya ya Madola la kuwahudumia wasioona, ambalo leo linajulikana kama Sightsavers, ndilo lililoandaa safari hiyo. Kabla ya kupanda walifanyiwa mazoezi Loitokitok, upande wa Kenya chini ya mlima. Watu walipiga picha na kushangaa, na ni haki yao. Mimi kinachonivutia ni yale mazoezi. Hakuna aliyewachukua vijana wale kutoka mkekani na kuwapandisha mita 5,895, mahali ambapo hewa ya oksijeni unayoivuta ni kama nusu tu ya ile ya Tanga au Dar es Salaam. Walianza chini, wakazoeshwa mwendo, mzigo na njia. Ugonjwa wa mwinuko haujali kama unaona au huoni. Huwapata wote kwa namna moja.

Norway ilikuwa tayari ina jambo ambalo madaktari wengine tulichelewa kulielewa. Mwanamuziki mmoja asiyeona, Erling Stordahl, alianzisha mwaka 1964 mashindano ya kuteleza kwenye theluji kwa wasioona, kila mmoja akiwa na mwongozaji anayeona. Mwaka 1970 juhudi zake zikazaa kituo cha afya kwa michezo huko Beitostølen, milimani. Ni kituo cha matibabu, mgonjwa huandikiwa na daktari kwenda huko, lakini dawa kubwa anayopewa ni mwendo: kuteleza kwenye theluji, kuogelea, kupanda farasi, kutembea milimani. Mtu hukaa wiki kadhaa na kurudi kwake akiwa amejifunza kitu atakachoendelea nacho.

Utauliza asiyeona anatelezaje. Katika mbio za masafa, mashine hupita kwanza na kuchimba mifereji miwili myembamba kwenye theluji. Mbao za miguuni huingia humo, nazo humshika mwanamichezo kwenye njia kama behewa linavyoshikwa na reli. Mtu wa Kigoma, ambako Reli ya Kati inaishia, hahitaji maelezo zaidi. Mwongozaji yuko karibu naye akisema: mlima unakuja, kona ya kushoto, teremko. Miguu na mikono inafanya kazi pamoja, na mashindano haya ni kati ya michezo inayoutumikisha moyo na mapafu kuliko karibu yote.

Mchezo wa kuteremka mlima kwa kasi ni mwingine, na ndio unaotisha. Humo wasioona hushuka mwongozaji akiwa mbele yao, siku hizi wakizungumza kwa redio ndogo zilizo ndani ya kofia ngumu, na mwendo unaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Aliyekatwa mguu mmoja hushuka kwa ubao mmoja akiwa na magongo mawili yenye vibao vidogo mwishoni. Asiyeweza kusimama hufungwa kwenye kiti kilichopachikwa juu ya ubao mmoja. Madaktari na wataalamu wengine huwapima kwanza na kuwagawa katika makundi ya wanaosimama, wanaokaa na wasioona, kisha muda wa kila mmoja hukokotolewa kwa kiwango kinacholingana na ulemavu wake ili ushindani uwe wa haki. Afrika Kusini ilimpeleka Bruce Warner kwenye mchezo huu huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Kwetu sisi tusio na theluji isipokuwa ile inayozidi kupungua Kilimanjaro, sitegemei kumwona mtoto wa Simbo akishuka hivyo, wala sioni kwamba amepungukiwa na kitu. Kibuuka mwenyewe baadaye aliiwakilisha Norway katika mbio za kawaida za uwanjani, kwenye Paralimpiki za majira ya joto, na akapata medali kadhaa. Miguu ni ileile.

Jirani zetu Wakenya wana mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu. Henry Wanyoike alikuwa kijana wa miaka 20 anayeona vizuri na mkimbiaji mwenye matumaini. Mwaka 1995 alipata kiharusi, na akapoteza karibu uwezo wake wote wa kuona. Alikata tamaa kabisa. Waliomrudisha kwenye kukimbia hawakuwa makocha, walikuwa watu wa idara ya macho ya Hospitali ya Kikuyu, katika mradi wa uoni hafifu. Walikuwa wamefika mwisho wa kile ambacho dawa ingeweza kuyafanyia macho yake, lakini hawakumfungia jalada. Mwaka 2000 mjini Sydney alishinda dhahabu ya mita 5,000. Katika mbio hizo mwongozaji wake, ambaye malaria ilikuwa imemdhoofisha, aliishiwa nguvu karibu na mwisho, ikawa asiyeona ndiye anayemvuta anayeona hadi kwenye mstari. Athens mwaka 2004 akashinda mita 5,000 na 10,000.

(Kwa wanaouliza kama kijana anaweza kupata kiharusi: anaweza. Hapa kwetu mtoto mwenye selimundu yuko kwenye hatari hiyo hata kabla ya kuanza shule. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kwenda upande, au kutoona kwa ghafla si mambo ya kusubiri kesho.)

Chombo ambacho Wanyoike na wenzake hutumia ni kamba. Ni kipande kifupi, chini ya nusu mita, asiyeona anashika ncha moja na mwongozaji ncha nyingine, mikono ikienda pamoja. Sheria za mashindano zinakataza mwongozaji kumvuta mwenzake, na mwanamichezo lazima apite mstari kabla ya mwongozaji. Sheria hiyo naipenda hata kwa matumizi ya nyumbani. Ukimvuta mtoto, anajifunza kuburutwa. Ukienda naye bega kwa bega, ukiacha yeye ndiye aamue mwendo, anajifunza kukimbia.

Kwa mtoto wa Simbo basi, hiki ndicho nilichomweleza mama yake. Wiki mbili za kwanza ni kutembea tu, asubuhi au jioni, kwenye njia ileile, ili miguu yake ikariri ardhi. Mtu wa kumwongoza aseme kabla, si baada: "kuna mtaro hatua tatu mbele", "tunakunja kulia". Neno "angalia!" halimsaidii asiyeona, humsimamisha tu akiwa na hofu. Kisha kamba, kwenye uwanja wa shule usio na mashimo wakati hakuna mpira unaochezwa. Dakika kumi zinatosha mwanzoni, na kila wiki ongeza kidogo. Viatu ni muhimu kuliko nguo, kwa sababu kidole kikijigonga mara mbili mtoto hatataka kurudi. Barabara ya magari haifai hata kama ni tambarare.

Mpira pia unawezekana. Ufunge mpira wa kawaida ndani ya kiroba kikavu cha unga, utasikika unapoviringika. Au chukua kopo la plastiki lenye punje za mahindi ndani, mviringishie naye aliwahi. Mchezo wa mpira wa goli kwa wasioona umejengwa juu ya wazo hilo la kusikiliza: timu zote hufungwa kitambaa machoni, hata anayeona kidogo, na uwanja unakuwa kimya. Wadogo zake wakifungwa kitambaa wacheze naye, ndani ya siku chache utagundua nani bingwa wa nyumba.

Kazi za nyumbani nazo zimo. Kuchota maji akiwa ameshika kamba iliyofungwa kati ya nyumba na bomba, kutwanga, kupepeta, kubeba kuni chache. Mzazi anayesema mtoto wake asiyeona "hapewi kazi" anafikiri anasifiwa.

Ataanguka. Goti litachubuka, utaliosha kwa maji safi na sabuni, litapona. Ila kuna watoto ambao lazima waonwe na daktari wa macho kabla ya kuanza. Mtoto mwenye shinikizo la macho, mwenye miwani mikali sana ya kuona mbali, aliyewahi kuambiwa pazia la ndani ya jicho limeachia, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, asipigwe kichwani, asisimame kichwa chini, asibebe mizigo mizito. Kwa wengi wao kutembea na kukimbia tambarare huruhusiwa, lakini ruhusa hiyo itoke kwa aliyelichungulia jicho. Mwenye kifafa asiingie ziwani bila mtu mzima aliye karibu ya kumshika, hata kama anaogelea vizuri. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara na apumzike kabla ya kuchoka. Mtoto mwenye ualbino, ambaye mara nyingi uoni wake ni hafifu, akimbie alfajiri au jioni, na mikono mirefu, na kofia ya ukingo mpana; kofia ya kapelo inaacha masikio na shingo, na ndipo saratani ya ngozi hupenda kuanzia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ndipo pa kuanzia kwa maswali ya macho. Pale pia uliza mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu mtoto aliyekaa miaka mingi anaweza kuwa na viungo vilivyokaza ambavyo havitanyooka kwa kukimbia peke yake.

Kabla ya hayo yote kuna watoto ambao hawakupaswa kufika kwenye kamba. Surua iliyompofusha mtoto yule ina chanjo, hutolewa miezi 9 na miezi 18, na dozi zote mbili ni muhimu. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita tangu miezi 6 hadi umri wa miaka mitano. Na Kigoma tuna bahati ambayo mikoa mingine haina: mawese. Mafuta mekundu ya mawese yana utajiri mkubwa wa kitu kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Lakini wapo wanaoyachemsha hadi yawe meupe ili yasiwe na harufu, na wekundu ule unaoukimbiza ndiyo dawa yenyewe ya macho. Kijiko cha mawese mekundu kwenye maharage au dagaa wa mtoto kinatosha.

Ukiona mboni ya mtoto ina weupe, kwenye picha ya simu au kwenye mwanga wa taa, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao ukiondolewa mapema mtoto huona, na ukicheleweshwa ubongo husahau kutumia jicho. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo huua. Usitie majani, maziwa wala dawa ya dukani.

Swali la mwisho la mama yule lilikuwa nani awe mwongozaji, maana yeye ana mtoto mchanga na baba yuko ziwani usiku kucha. Nilimwambia amtumie dada yake wa miaka 12, na siku ambazo dada yuko shuleni, jirani. Wawe wawili au watatu wa kupokezana, kwa sababu mwongozaji naye huugua malaria. Na wakati utafika ambapo mdogo ataanza kumshinda dada yake mwendo. Hapo atafutwe mwongozaji mwenye mbio zaidi, mtoto asipunguziwe kasi.